Nani anaruhusiwa kukimbia na wanawake? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu testosteroni, jeni na mbio za mita 800

Kila mashindano makubwa ya riadha yakikaribia, ubishi huu hufufuka: kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, hata miongoni mwa watu ambao mwaka mzima hawajui mita 800 ni mizunguko mingapi. Nusu ya ugomvi hutokana na watu kuita mambo matatu tofauti kwa jina moja. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo zaidi, ya wanaotaka kuelewa pamoja na ya wanaotaka kugombana. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine hayahitaji zaidi ya mistari michache.

Mjadala wenyewe unahusu nini hasa?

Unahusu mpaka wa kitengo cha wanawake. Riadha hutenganisha wanaume na wanawake kwa sababu pengo kati yao ni kubwa mno. Rekodi ya dunia ya wanaume katika mita 800 ni ya David Rudisha wa Kenya, 1:40.91, aliyoiweka London mwaka 2012. Ya wanawake ni 1:53.28 ya Jarmila Kratochvílová wa iliyokuwa Czechoslovakia, nayo imesimama tangu 1983. Ukiwaweka wawili hao kwenye mbio moja, Rudisha anavuka mstari huku mwenzake akiwa bado na mita zipatazo 87 mbele yake. Bila kitengo chao, wanawake wasingeonekana kwenye fainali ya Olimpiki hata siku moja.

Sasa, kitengo kikishawekwa lazima kiwe na mlango, na mlango una mlinzi. Hapo ndipo shida inapoanza. Wapo watu wachache waliozaliwa wakaitwa wasichana na mkunga, wakalelewa kama wasichana, wakasoma na kupata pasipoti kama wanawake, lakini miili yao ina kromosomu XY na korodani zilizobaki ndani ya mwili, zinazotoa testosteroni kwa kiwango cha wanaume. Wakimbie wapi? Hilo ndilo swali. Mengine yote ni matawi yake.

Kwa hiyo ni wanaume waliojifanya wanawake?

Hapana, na tafadhali acheni kuandika hivyo. Kujifanya kunahitaji mtu ajue jambo halafu alifiche. Wengi wa wanariadha hawa walijua habari za miili yao siku walipoitwa chumbani na daktari wa mashindano, tayari wakiwa na medali shingoni.

Madaktari huziita hali hizi tofauti za ukuaji wa kijinsia, na kwa kifupi hutumia herufi DSD. Ziko za aina nyingi. Mojawapo hutokana na upungufu wa kimeng'enya kinachoibadilisha testosteroni kuwa homoni yenye nguvu zaidi, ile inayotengeneza viungo vya nje vya mtoto wa kiume akiwa tumboni. Kimeng'enya kikikosekana, mtoto huzaliwa na maumbile ya nje yanayofanana na ya msichana. Familia inafurahi, jina la kike linatolewa. Miaka kumi na mitatu baadaye hedhi haiji, sauti inakuwa nzito, misuli inajaa. Kijijini ambako hakuna daktari wa homoni, watu husema tu kwamba huyu binti ana nguvu, mpelekeni kwenye mbio.

Je, ndiyo hao wanaoitwa watu waliobadili jinsia?

Hapana. Aliyebadili jinsia alizaliwa akatambuliwa kuwa wa jinsia moja, kisha akaishi kwa nyingine. Wanariadha tunaowazungumzia hapa hawajabadili chochote. Shirikisho la riadha duniani, World Athletics, liliwazuia wanawake waliobadili jinsia baada ya kupitia balehe ya kiume kuanzia tarehe 31 Machi 2023, na wakati huohuo likakiri kwamba hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akishindana kimataifa katika riadha. Kelele nyingi, wahusika hakuna.

Na dawa za kusisimua misuli?

Hilo nalo ni faili jingine kabisa. Ruth Chepng'etich, aliyekimbia marathoni ya Chicago kwa 2:09:56 mwaka 2024, alifungiwa miaka mitatu mwezi Oktoba 2025 kwa sababu ya dawa iliyokatazwa iliyokutwa mwilini mwake. Huo ni ukiukaji wa kanuni na una adhabu. Mwenye DSD hajakiuka kitu, hafungiwi na hanyang'anywi medali. Anaambiwa tu kwamba kuanzia leo hana pa kukimbilia. Ukipima kwa uchungu, sijui lipi linauma zaidi.

Kwa nini kila kitu kinarudi kwenye testosteroni?

Kwa sababu ndiyo inayotenganisha wavulana na wasichana michezoni kuanzia balehe. Inakuza misuli, inaongeza himoglobini inayobeba oksijeni, inafanya mifupa kuwa mirefu na imara. Kabla ya balehe tofauti ni ndogo, baada yake ni ile ya Rudisha na Kratochvílová.

Vipimo vinahesabiwa kwa nanomoli kwa lita moja ya damu. Kwa takwimu ambazo shirikisho lenyewe lilizitumia, wanawake wengi wako kati ya 0.12 na 1.79, na wanaume kati ya 7.7 na 29.4. Katikati hapo pana uwanja mtupu. Wanaoutetea utaratibu wa sasa husema kwamba mwanamke wa kawaida, hata awe na uvimbe wa vifuko kwenye ovari unaopandisha homoni kidogo, hafiki popote karibu na kiwango cha wanaume. Hilo ni kweli, na ni vizuri lijulikane: wanawake wenye tatizo la ovari, au wenye kromosomu XX kwa jumla, hawaguswi na kanuni hizi.

Mbona Usain Bolt hakukatwa miguu? Si kipaji cha kuzaliwa nacho?

Hili ndilo swali bora kuliko yote. Mfano wenye nguvu zaidi si Bolt, ni Eero Mäntyranta wa Finland, mtelezaji wa theluji aliyechukua dhahabu mbili Innsbruck mwaka 1964. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba familia yake ina badiliko la jeni linaloufanya mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kupita kiasi. Ni kama alizaliwa na dawa mwilini. Hakuna aliyewahi kudai medali zake, wala hapakutungwa kanuni ya kuwazuia watu wa aina yake. Na sisi tunaojivunia miinuko ya Iten na mapafu ya watu waliokulia mita 2,400 juu ya bahari, hatujawahi kuona kwamba tunamwonea Mholanzi.

Jibu la upande wa pili ni hili: hatuna kitengo cha wafupi, wala cha waliozaliwa pwani, lakini tuna kitengo cha wanawake. Tukishakiweka ili kuzuia faida moja maalumu, yaani ile ya balehe yenye testosteroni ya kiume, basi faida hiyo hiyo haiwezi kuingia ndani kwa jina la kipaji. Urefu haukuwahi kuwa sababu ya kugawanya mbio. Testosteroni ndiyo sababu.

Kimantiki jibu hilo lina uzito, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Linachoshindwa kueleza ni kwa nini mzigo wa kulitekeleza umebebeshwa watu wachache hivi, tena kwa namna hii. Nitalirudia hapa chini.

Rio 2016 kulitokea nini?

Jumamosi usiku, tarehe 20 Agosti 2016, fainali ya mita 800 wanawake. Caster Semenya wa Afrika Kusini akashinda kwa 1:55.28. Francine Niyonsaba wa Burundi akawa wa pili kwa 1:56.49, Margaret Wambui wa Kenya wa tatu kwa 1:56.89. Melissa Bishop wa Kanada akafika wa nne kwa 1:57.02, sehemu ndogo ya sekunde kutoka kwenye jukwaa.

Kwa Burundi ile fedha ilikuwa medali ya pili ya Olimpiki katika historia ya nchi. Ya kwanza ni dhahabu ya Vénuste Niyongabo katika mita 5,000, Atlanta 1996. Nchi nzima ilisubiri miaka ishirini. Lakini ukirudia kutazama zile picha za baada ya mbio, kamera zinawatafuta walioshindwa: Lynsey Sharp wa Uingereza, wa sita, akilia mbele ya maikrofoni, Joanna Jóźwik wa Poland, wa tano, ambaye vyombo vya habari vilimnukuu akisema anajisikia kama mshindi wa fedha, na kwamba anafurahi kuwa wa kwanza kutoka Ulaya na mzungu wa pili.

Machozi ya Sharp nayaelewa. Umefanya mazoezi miaka minne na unaona jukwaa limejaa kabla hujaanza. Hayo maneno ya mwisho ya Jóźwik sijayaelewa hadi leo.

Baadaye ilijulikana kwamba wote watatu wa jukwaa lile waliguswa na kanuni za testosteroni.

Semenya amepitia nini hasa, kwa ufupi?

Ufupi hauwezekani, lakini nijaribu. Berlin, Agosti 2009, ana umri wa miaka 18, anashinda ubingwa wa dunia kwa 1:55.45. Wa pili ni Mkenya Janeth Jepkosgei, bingwa mtetezi, zaidi ya sekunde mbili nyuma. Saa chache kabla ya fainali ile, habari kwamba ameagizwa kupimwa jinsia ilikuwa imeshavuja, na shirikisho likaithibitisha. Fikiria: msichana wa kijijini Limpopo anasimama kwenye mstari huku dunia nzima ikijadili sehemu zake za siri. Alikaa nje karibu mwaka mzima, akaruhusiwa kurudi Julai 2010.

Alirudi akimeza vidonge vya kupanga uzazi ili kushusha homoni. Ameeleza mwenyewe jinsi vilivyomfanya ajisikie mgonjwa na kumwongezea uzito. Katika miaka hiyo alishika nafasi ya pili kwenye ubingwa wa dunia wa Daegu 2011 na kwenye Olimpiki ya London 2012, mara zote mbili nyuma ya Mrusi Mariya Savinova. Savinova baadaye alikutwa na hatia ya dawa, na dhahabu zikahamishiwa kwa Semenya. Yaani mmoja alikuwa anakunywa dawa za kumpunguza, mwingine anatumia dawa za kumwongeza, na aliyetiliwa shaka na dunia ni wa kwanza.

Mwaka 2015 kanuni zilisimamishwa, akaacha vidonge, akatawala tena hadi 1:54.25 aliyokimbia Paris mwaka 2018. Kanuni mpya zilipokuja akazipeleka CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Lausanne. Tarehe 1 Mei 2019 majaji wawili dhidi ya mmoja wakasema kanuni ni za kibaguzi, lakini ubaguzi huo ni wa lazima na wa kadiri inayokubalika. Siku mbili baadaye akakimbia Doha, 1:54.98, na miezi michache baadaye milango ya mita 800 ikafungwa. Alijaribu mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia ya Eugene 2022, hakufika fainali.

Si alishinda kesi Ulaya? Nimesoma hivyo.

Alishinda kitu, ila si kile ambacho watu wengi wanadhani. Baada ya mahakama kuu ya Uswisi kumkatalia mwaka 2020, alikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuishtaki nchi ya Uswisi, kwa kuwa CAS iko kule. Julai 2023 akashinda kwa majaji wanne dhidi ya watatu. Kesi ikapandishwa kwenye jopo kubwa, ambalo tarehe 10 Julai 2025 liliamua kwa 15 dhidi ya 2 kwamba Uswisi haikumpa usikilizwaji wa haki: mahakama yake ilipaswa kuichunguza kesi kwa kina zaidi. Malalamiko yake mengine, ikiwemo lile la ubaguzi, hayakuamuliwa. Alirudishiwa gharama, Yuro 80,000. Kanuni za riadha hazikuguswa hata nukta.

Kanuni zimebadilika mara ngapi?

Mara nyingi kuliko inavyostahili kwa jambo linalodaiwa kuwa la kisayansi. Mwaka 2011 kikomo kiliwekwa nanomoli 10. Mwaka 2014 mwanariadha wa India, Dutee Chand, akaondolewa kwenye timu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, akaenda CAS, na Julai 2015 CAS ikasimamisha kanuni kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Aprili 2018 zikatangazwa nyingine, kikomo nanomoli 5, lakini kwa mbio za kuanzia mita 400 hadi maili moja tu. Zikaanza kutumika Mei 2019.

Hapo wanariadha wakafanya kile walichoambiwa kuwa kinaruhusiwa: kuhama mbio. Niyonsaba akapanda masafa marefu. Christine Mboma wa Namibia, mwenye miaka 18, akazuiwa kukimbia mita 400 wiki chache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, akashuka hadi mita 200 na kurudi na medali ya fedha kwa 21.81. Mkenya Maximila Imali naye akashuka kwenye mbio fupi. Kisha Machi 2023 kanuni zikabadilika tena: mbio zote na michezo yote ya riadha, kikomo 2.5, na kukidumisha kwa miezi 24. Wakati huo shirikisho lilisema wanaoguswa ni wanariadha 13. Na tangu tarehe 1 Septemba 2025 tumefika kwenye kipimo cha jeni.

Mtu anayehama nyumba kwa amri yako, ukamfuata alikohamia na amri nyingine, ana haki ya kukuuliza ulikuwa unajua unachofanya au la.

Niyonsaba alifanya nini baada ya kuhama?

Aliwashangaza wengi, mimi nikiwa mmojawapo. Alikuwa bingwa wa dunia wa ndani ya ukumbi mara mbili, 2016 na 2018, katika mita 800. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akasema hali yake, kwamba hakuchagua kuzaliwa hivi na kwamba ameumbwa na Mungu. Miaka miwili baadaye alikuwa wa tano kwenye fainali ya Olimpiki ya mita 10,000, mbio ambazo hakuwa nazo kabisa kichwani wakati wa Rio. Kwenye mchujo wa mita 5,000 Tokyo aliondolewa kwa kukanyaga ndani ya mstari. Mwezi Septemba akashinda fainali ya Diamond League, ule mfululizo wa mashindano makubwa ya kila mwaka, ya mita 5,000 mjini Zürich, kisha tarehe 14 Septemba 2021 mjini Zagreb akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000, 5:21.56, iliyodumu hadi 2024.

Wapinzani wake husema hayo ni uthibitisho kwamba testosteroni inasaidia hata kwenye masafa marefu. Wanaomtetea husema ni uthibitisho wa kazi. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja.

Hicho kipimo kipya kinafanyikaje?

Pamba kwenye kijiti husuguliwa ndani ya shavu, au hutolewa damu kidogo. Maabara hutafuta jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida hukaa kwenye kromosomu Y na ndiyo inayoanzisha utengenezwaji wa korodani kwa mimba changa. Isipoonekana, mwanariadha ameruhusiwa na hapimwi tena maishani. Ikionekana, anaweza kuomba uchunguzi zaidi wa kitabibu. Wenye hali ambayo mwili hauisikii testosteroni hata kidogo huruhusiwa, kwa sababu homoni ipo lakini haina kazi.

Kipimo kilianza kudaiwa kabla ya mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, na World Athletics ilitoa mchango wa hadi dola 100 kwa kila kipimo. Ufaransa kulizuka kizaazaa, kwa kuwa sheria yao hairuhusu vipimo vya jeni vya namna hiyo, ikabidi wanariadha wao wapimiwe nje ya nchi.

Mmoja wa wakosoaji wakubwa ni Andrew Sinclair, mwanasayansi wa Australia aliyekuwa katika ugunduzi wa jeni hiyo mwaka 1990. Hoja yake ni kwamba SRY hukuambia tu kama jeni ipo. Haikuambii kama korodani zilitengenezwa, kama testosteroni inatoka, wala kama mwili unaitumia.

Si walishawahi kupima hivi zamani wakaacha?

Ndiyo. Olimpiki ya Mexico 1968 ilipima kromosomu, na utaratibu ukaendelea miaka thelathini. Kisa cha María José Martínez-Patiño, mruka viunzi wa Hispania, kinatosha kueleza kwa nini uliachwa. Alikuwa amepimwa Helsinki mwaka 1983 akapewa cheti cha kuthibitisha kwamba ni mwanamke. Mwaka 1985 akakisahau nyumbani alipokwenda Kobe, Japani, kwenye michezo ya vyuo vikuu, ikabidi apimwe upya. Matokeo: XY. Akashauriwa ajifanye ameumia, akakaa jukwaani akiwatazama wenzake wakikimbia. Alipokataa kustaafu kimyakimya, habari ikaishia magazetini. Alipoteza ufadhili wa masomo, makazi na mchumba. Kumbe alikuwa na ile hali ya mwili usioisikia testosteroni, yaani hakuwa na faida yoyote. Alirudishiwa haki yake mwaka 1988, kipindi chake bora kikiwa kimeshapita.

Atlanta 1996 wanawake wanane walikutwa na jeni hiyo, wote wakaruhusiwa kushindana. Ukipima watu kisha ukawaruhusu wote, unapima kwa ajili ya nini? Kamati ya Olimpiki ikaacha mwaka 1999. Tofauti ya leo, wasimamizi wanasema, ni kwamba mlango wa uchunguzi zaidi na ruhusa kwa wenye hali kama ya Martínez-Patiño umeandikwa ndani ya kanuni. Hilo ni afadhali, sibishi.

Ushahidi wa kisayansi ni thabiti kiasi gani?

Kwamba testosteroni ya kiume huongeza uwezo, ni thabiti. Kwamba huongeza kiasi gani kwa wanawake wenye DSD, mbio kwa mbio, hapo mambo yanalegea. Utafiti uliotumika kujenga kanuni za 2018 ulifanywa na watu wa shirikisho lenyewe na kuchapishwa 2017. Ulionyesha uhusiano mkubwa zaidi kwenye kurusha nyundo na kuruka kwa upondo. Michezo hiyo haikuwekwa kwenye kanuni. Mita 1,500, ambako uhusiano wa maana haukuonekana, ikawekwa. Watafiti wengine walipokagua sehemu ya takwimu wakakuta makosa, na mwaka 2021 waandishi wenyewe walichapisha masahihisho wakikiri kwamba kazi yao ilikuwa ya uchunguzi wa awali na isingepaswa kusomwa kama uthibitisho wa chanzo na matokeo. Masahihisho hayo yalitoka baada ya Olimpiki ya Tokyo kumalizika.

Kwa nini wanaotajwa karibu wote ni Waafrika?

Sehemu ya jibu ni ya kitabibu na ya huzuni. Mtoto mwenye DSD akizaliwa Ulaya Magharibi hugunduliwa mapema, na kwa miaka mingi wengi walifanyiwa upasuaji wangali wadogo. Kwa hiyo hafiki kwenye uwanja wa mashindano akiwa na homoni hizo. Anayezaliwa ambako zahanati iko mbali hukua kama alivyo. Sehemu nyingine ni ya macho: kwa miaka mingi upimaji ulianza kwa mtu kutiliwa shaka, na shaka iliangukia wanawake wasiofanana na picha ya mwanamke iliyoko kichwani mwa anayetazama. Kwa hilo peke yake, kumpima kila mtu ni haki zaidi kuliko kumpima anayeonekana vibaya machoni mwa mtu.

Je, kuna aliyelazimishwa kufanyiwa upasuaji?

Kanuni zinasema hakuna anayelazimishwa. Annet Negesa wa Uganda, aliyekuwa na rekodi ya nchi yake katika mita 800, aliondolewa Olimpiki ya London 2012 na baadaye akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2019 alieleza kwenye televisheni ya Ujerumani kwamba hakuelezwa vya kutosha kitakachofanyika wala madhara yake, na mwili wake haukurudi tena kuwa wa mwanariadha. Shirikisho lilikana kuhusika na uamuzi huo. Ushauri wa kunywa dawa nao una wapinzani wazito: mwaka 2019 Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wasishiriki kuwapa watu wenye afya njema dawa za kubadili homoni kwa ajili ya kutimiza kanuni za mashindano.

Kwa nini wasianzishiwe kitengo chao?

Wambui mwenyewe alilipendekeza hilo mwaka 2021, baada ya kukataa kumeza dawa za kutibu ugonjwa asioumwa. Semenya halitaki, anasema yeye ni mwanamke basi. Na kiutendaji, kuingia kwenye mbio hizo ni kutangaza siri yako ya kitabibu mbele ya uwanja mzima.

Walipoondolewa, mbio zimepungua kasi?

La hasha. Tokyo 2025 Mkenya Lilian Odira alishinda kwa 1:54.62, rekodi mpya ya mashindano ya dunia, akiifuta ile ya Kratochvílová ya 1983. Muda huo ni bora kuliko wowote ambao Semenya aliwahi kukimbia kwenye mashindano ya dunia au Olimpiki. Na kwenye orodha ya muda wote, 1:54.25 ya Semenya iko nyuma ya 1:54.01 ya Mkenya Pamela Jelimo, aliyoikimbia Zürich mwaka 2008. Waliosema hakuna mwanamke atakayewafikia hawakuwa wameangalia vitabu.

Wewe unasimama wapi?

Kitengo cha wanawake lazima kilindwe, na mpaka wake hautawahi kumridhisha kila mtu. Lakini ningekuwa na sauti, kanuni mpya isingemgusa mwanariadha aliyekwisha kuingia uwanjani kwa kanuni ya zamani. Amalize miaka yake. Ni watu wachache, na mbio zingevumilia.

Binti yangu anakimbia vizuri shuleni. Atapimwa?

Kwenye mbio za shule, za kaunti au za mkoa, hapana. Kipimo kinadaiwa kwa wanaotaka kushindana kitengo cha wanawake kwenye mashindano yanayohesabiwa kwa viwango vya dunia. Akifika huko na chama cha riadha kikamwita, muulize anayempima mambo manne kabla ya pamba kuingia mdomoni: maabara ni ipi, matokeo yatatumwa kwa nani, nani mwingine atayaona, na jibu likiwa tofauti na mlivyotegemea atakayemwelezea ni daktari gani. Akiwa hajafikisha umri wa utu uzima, mzazi au mlezi lazima ahusishwe. Ombeni matokeo kwa maandishi, myahifadhi wenyewe. Na mkipewa ushauri wowote wa dawa au kisu, tafuteni daktari wa pili ambaye halipwi na timu.